Saa Moja Isiyo na Kazi

Diski ya kompyuta yangu ilijaa nikiwa Ibaba, Ileje, katikati ya hadithi. Bibi alikuwa akinisimulia, kwa Kindali, jinsi walivyokuwa wakivuka kwenda Malawi kwa miguu, mara programu ya kurekodi ikasimama na kuandika kwamba hakuna nafasi.

"Imeshiba?" bibi akauliza.

"Imeshiba, bibi."

"Basi na sisi tule," akasema, akainuka kwenda kutazama viazi jikoni.

Usiku ule nilianza kufyeka. Diski yangu ni ya GB 128, lakini Windows huonyesha 119 tu. Hakuna aliyeiba: mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni 1, ilhali Windows hugawanya kwa 1,073,741,824. Pipa la taka, nililodhani halina kitu, lilikuwa na GB 6. Kumbe faili ulilolifuta huendelea kukalia nafasi ileile mpaka umwage pipa lenyewe. Nikafuta mafaili ya muda na mabaki ya masasisho ya zamani. Nikaondoa hiberfil.sys, faili ambalo Windows hulitumia kuhifadhi kazi zilizo wazi kompyuta inapolala usingizi mzito. Mwisho zikaondoka tamthilia za Kikorea nilizopewa bwenini, na hizo ziliniuma kidogo.

Bado haikutosha. Saa moja ya sauti isiyobanwa, ya WAV, hula takriban MB 635, nami nilikuwa na saa 52 za utafiti wa shahada yangu ya uzamili. Sikutaka kuzigeuza kuwa MP3, kwa sababu MP3 hupunguza ukubwa kwa kutupa sehemu ya sauti, na mimi kazi yangu ni kupima irabu.

Ndipo nikaliona faili moja la Julai 2022. Siku hiyo nilisahau kuzima kinasa sauti. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika: "Saa nzima, hakuna mazungumzo. Futa." Nikavaa spika za masikioni ili nihakikishe. Kuku. Mlango. Sufuria. Kisha, kwa mbali, mtu anapasua kuni, anakohoa, na kuniita: "Uko wapi wewe? Njoo ushike upande huu."

Babu alifariki Machi 2023. Kila nilipomwomba nimrekodi alikataa, akisema hana la kuwaambia wasomi. Katika saa zote 52, sauti yake iko pale tu, kwenye saa isiyo na kazi.

Nilitetemeka, maana wiki mbili kabla nilikuwa nimeponea chupuchupu. Nilinunua flashi ya bei rahisi Tunduma, imeandikwa GB 64, nikanakili humo rekodi kadhaa. Nilipozifungua, majina yalikuwepo, sauti haikuwepo. Flashi bandia za namna hiyo huwa na nafasi ndogo sana ndani. Hupokea kila unachowapa bila kulalamika, kisha vya ziada hupotea. Bahati nilikuwa sijafuta mafaili ya awali. Nakala ambayo hujaifungua na kuisikiliza, usiihesabu kuwa nakala.

Asubuhi nilibana rekodi zote kwa FLAC, ambayo hupunguza ukubwa karibu nusu bila kupoteza chochote. Nikapanda gari kupitia Isongole na Mpemba hadi Tunduma, nikanunua diski ya nje. Safari hii niliijaza mpaka pomoni, nikasoma tena nilichoweka, ndipo nikaiamini.

Niliporudi, bibi aliniuliza nimetupa nini. Nikamtajia. Kisha nikamvisha spika masikioni, nikamfungulia faili la Julai.

Alisikiliza muda mrefu, macho kwenye moto.

"Kuni zile zilikuwa mbichi," akasema. "Nilimwambia."