Diski ya Zamani, Kompyuta Mpya

Wiki hii kijana wetu wa vyombo alituundia kompyuta mpya ya kanisa. Nikampa diski iliyotolewa kwa ile ya zamani, maana ndani yake mna sauti ya mama mmoja wa maombi tuliyemzika mwaka jana. Nakala nyingine hatuna.

Akaniambia, "Pasta, Windows iliyo humu ilizoea mashine nyingine. Tukiiacha iongoze, huenda hii mpya ikakataa kuwaka." Akaweka Windows upya kwenye diski mpya. Ile ya zamani akaiunganisha kama diski ya pili, waya wa data na waya wa umeme, na kitu cha kwanza akanakili mafaili yote. Jioni tukamsikia mama akiomba. Tulilia.

Mpendwa, Mungu akikufanya upya hafuti kumbukumbu zako. Uliowazika, uliyopitia, yote yana nafasi ndani yako. Yatunze, yafungue unapoyahitaji. Ila asubuhi ukiamka, usikubali jana ndiyo ikuwashe. Mwachie Roho Mtakatifu aongoze.

Kama umepokea, sema Amina. Mbarikiwe.