Jumamosi za Kinga na Ule Mkono Uliovunjika

Tangu ile ajali ya Agosti 2024 wengi wenu mmetuuliza, kisimani, sokoni, hata mlangoni pa kanisa: michezo ya kinga ya Jumamosi imerudi au haijarudi? Na je, ni kweli kuna mtoto anaendesha gurudumu moja tu, bila usukani? Tumeona ni vizuri tujibu hapa gazetini, maana habari ya mdomoni ikishapita nyumba tano, mtoto amevunjika miguu miwili na mwalimu amekimbilia Arua. Ukweli ni mkono mmoja, na sisi tupo hapahapa.

Tunasema kinga kwa sababu wengi wetu tulitoka Congo tukiita hivyo. Waliosoma Kifaransa wanasema velo. Ni baiskeli ileile, msigombane.

Mambo haya hayakuanza kama mchezo. Mwaka 2023, mgao wa chakula ulipopunguzwa, familia nyingine ziliuza kinga zao Koboko, na zile zilizobaki zikageuka kuwa lori la nyumbani: mihogo, jeri za maji, kuni, mgonjwa, bibi harusi pia tumemwona. Sisi walimu tulikuwa na mbili. Moja ni Phoenix nyeusi yenye breki za fimbo za chuma. Nyingine ni ile ya gia tuliyonunua Arua ikiwa kuukuu, ambayo gia zake zilikuwa zimekufa zote isipokuwa moja, na hiyo moja ndiyo ngumu kuliko zote. Kwa hizo mbili tulikuwa tukienda Koboko kuchukua chaki na karatasi za mitihani.

Njia ya Koboko mnaijua. Kuna lami nzuri, ile inayotoka Vurra kupitia Arua na Koboko mpaka mpakani Oraba, karibu kilomita 92. Ilipokuwa bado murram watu walikula vumbi, leo wanakula hofu. Malori ya Sudan Kusini na ya Congo yanapita kwa kasi, na dereva wa lori hamwoni mtu wa kinga, au anamwona anasema atajitoa mwenyewe. Basi tukajizoeza kushika njia za miguu, nyuma ya mashamba ya mihogo na tumbaku, kwenye mawe, kwenye mchanga, kuvuka kijito na kinga begani. Ni mbali zaidi na unafika umechafuka kama mfyatua matofali. Lakini ukianguka, unaangukia udongo.

Watoto walituona tukirudi hivyo, magoti mekundu, tukicheka. Wakaanza kutufuata.

Kulikuwa na binti mmoja aliyemaliza P.7 vizuri akapata nafasi ya sekondari. Baada ya muhula mmoja akaacha. Tulienda kwao kuuliza, tukidhani ni karo. Mama yake alisema karo ilipatikana kwa taabu lakini ilipatikana. Binti mwenyewe alikuwa ameinama anachambua mboga, akasema polepole, "Kinga ipo, mwalimu. Ni ule mteremko wa mawe ndio naogopa. Nikishuka kwa miguu nachelewa, nikichelewa nachapwa." Tulirudi nyumbani kimya. Jumamosi iliyofuata tulimwita yeye na wenzake watatu, tukaenda nao kwenye ule mteremko.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba tunajua kuendesha ila hatujui kueleza. Tulimwambia "usiogope", na "usiogope" haimfundishi mtu chochote. Ilibidi tujitazame sisi wenyewe kwanza. Mmoja wetu alishuka mara kumi huku wengine tumechuchumaa kando tukiangalia miguu yake inafanya nini, mikono inafanya nini. Tukaona: anaposhuka anainuka kidogo kwenye tandiko na kurudisha makalio nyuma. Pedali anaziweka sawa, moja mbele moja nyuma, zisigonge mawe. Breki anazibana kidogo kidogo, na hashiki ya mbele peke yake, maana ukifanya hivyo kinga inakupitisha juu ya usukani. Na macho! Macho ndiyo somo lote. Ukilitazama jiwe utaligonga, hata kama njia ni pana kama uwanja wa mpira. Tazama pale unapotaka kupita. Kupanda ni kinyume: unakaa, unainama mbele, unakanyaga taratibu, kwa sababu ukisimama kwenye changarawe gurudumu la nyuma linazunguka bure na wewe umebaki palepale unahema.

Kwenye mchanga hatujui la kuwaambia. Mchanga shuka, sukuma.

Yule binti alishuka mteremko mzima bila kugusa chini siku ya tatu. Alipofika chini kwenye kijito alipiga kelele mpaka wanawake waliokuwa wanafua wakasimama wakidhani ni nyoka. Amerudi shule.

Basi wakaja wengine, wakawa kumi, wakawa ishirini na kitu, kwa kinga tisa. Tukatunga mchezo: kutoka mwembeni juu mpaka kijitoni bila mguu kugusa ardhi. Aliyegusa anarudi juu akisukuma. Wasiokuwa na zamu wanapanga mawe au wanaziba matairi, maana miba ya huku haina huruma. Tyubu ikiwa imekufa kabisa tunajaza majani makavu ndani ya tairi, tunafunga, tunaendelea. Inadunda kama punda lakini inakwenda.

Mmoja wetu mwenye simu alitafuta kama kuna watu wengine wenye kichaa hiki, akakuta kwamba kuna mchezo mzima wa dunia. Ulikua California, Marekani, miaka ya 1970. Vijana wa huko walichukua baiskeli kuukuu, nzito, za zamani za wazee wao, wakazipandisha mlimani na kushuka nazo njia za udongo. Mwaka 1976 walianza mashindano kwenye mteremko mmoja unaoshuka kiasi cha mita 400 kwa njia ya kilomita tatu na kidogo. Breki zao zilikuwa zile za kurudisha pedali nyuma, zimo ndani ya habu, na zilipata moto mpaka grisi ikaungua ikatoka moshi. Kila baada ya kushuka ilibidi wafungue habu waijaze grisi upya, na jina la mashindano yale, Repack, lilitoka hapo. Watoto walipenda habari hii kuliko zote. Walidhani mchezo huu ni wa watu wenye baiskeli za mamilioni, kumbe ulianza kwa vyuma kama vyetu. Mwaka 1996 ukaingia Olimpiki, kule Atlanta.

Baba mmoja aliyetoka Kivu alisikia akacheka. "California?" akasema. "Na chukudu mmeisahau?" Akatueleza mbele ya watoto jinsi vijana wanavyoshuka kuelekea Goma kwa chukudu ya mbao, goti moja juu ya ubao, mzigo wa viazi na makaa mbele, na breki ni kipande cha tairi unachokikanyaga kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Hakuna gia, hakuna tyubu. Tulinyamaza. Kweli tulikuwa tunatafuta mbali kitu ambacho jirani yetu amekifanya kazi miaka mingi.

Na jirani mwingine ni Rwanda. Adrien Niyonshuti, aliyepoteza ndugu zake katika mauaji ya kimbari ya 1994, aliendesha baiskeli ya milimani kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Watoto waliuliza alipata medali gani. Hakupata. Alimaliza wa 39. Kijana mmoja akauliza, "Lakini alimaliza?" Alimaliza, ndiyo. Wakaridhika.

Sasa lile gurudumu moja. Kijana mmoja wa P.7, mtundu wa vyuma, aliona kwenye simu ileile video ya Mkanada anayeitwa Kris Holm akishuka milima kwa gurudumu moja. Hakulala. Alikusanya gurudumu la mbele, uma wake na tandiko, akaenda kwa fundi wa kuchomelea Koboko. Kumbe kitu hiki hakina mnyororo. Pedali zimeshikana na gurudumu lenyewe, kwa hiyo ekseli lazima izunguke pamoja na habu. Fundi alikataa mara mbili, mara ya tatu akachoka kusumbuliwa. Akachomelea ekseli kwenye habu, na chini ya miguu ya uma akafunga beringi mbili kuukuu za mashine ya kusaga. Likatoka dude baya sana. Kwa wiki tatu alianguka tu. Sisi tulimcheka, tunakiri. Halafu siku moja akaenda hatua tano, kesho yake ishirini, na leo anazunguka uwanja na kupanda kile kichuguu cha nyuma ya darasa. Kushuka ndiyo kazi, kwa sababu pedali haziachii: gurudumu likizunguka na miguu inazunguka, kwa hiyo unamzuia farasi kwa mapaja yako mwenyewe mpaka chini. Anatembea kama mzee siku ya Jumapili. Hatumcheki tena.

Tufike kwenye ajali.

Ilikuwa Jumamosi, mvua ilikuwa imenyesha usiku. Kila Jumamosi tunakagua breki za watoto kabla ya kupanda, na asiye na breki anabaki chini. Siku hiyo tulikagua nane. Ya tisa ilikuwa Phoenix yetu wenyewe. Hatukuikagua kwa sababu tulijua hali yake. Mpira wa breki ya nyuma ulikuwa umekwisha tangu Alhamisi, tukawa tumesemezana, "Jumatatu tutakata mwingine." Kijana wa P.6 aliomba zamu. Tukampa. Sio kwamba alikuwa mkaidi, wala hakukimbia kama ilivyosemwa. Alifanya yote tuliyomfundisha, alirudisha makalio nyuma, alibana breki. Nyuma hakukuwa na kitu cha kubana. Akabana ya mbele, kwenye udongo wenye maji. Mfupa wa mkono, chini ya kiwiko.

Tulimbeba kwenye keria ya kinga ya mwenzake mpaka kituo cha afya, kisha akapelekwa Koboko akafungwa plasta, wiki sita. Aliandika mitihani yake kwa mkono wa kushoto. Hakulia mbele yetu. Tulipofika kwa mama yake, sisi ndio tulikuwa hatuwezi kusema.

Kikao cha wazazi kilikuwa kikali na mlikuwa na haki. Baba mmoja alisimama na rimu iliyopinda mkononi, akasema mihogo yake inaenda sokoni juu ya rimu hiyo na si juu ya michezo, nani atamlipa? Hatukuwa na jibu zuri. (Rimu tumeinyoosha, haijawa kama mpya.) Wengine walisema wasichana wasiruhusiwe kabisa. Wengine wakasema walimu wanacheza badala ya kufundisha. Hilo lilituuma, kwa sababu siku ile lilikuwa na ukweli ndani yake.

Mwishoni alisimama mama wa yule kijana. Tulijua yeye ndiye atakayefunga jambo. Akasema, "Miye sikatazi kinga, walimu. Mtoto wangu atatembea kwa nini, kwa mabawa? Nakatazaga tu ile breki ya kesho." Akakaa. Hakuna aliyeongeza neno.

Tulisimamisha Jumamosi mpaka mwezi wa pili 2025. Katika muda huo tulipanda gari mpaka Arua, tukatafuta vipuri vya breki kwa fedha tulizochanga, tukarudi na jozi sita tu kwa sababu bei ilikuwa imepanda. Zilizobaki tunakata wenyewe kutoka kwenye tairi la gari, kama watu wa chukudu. Siku hizi ukaguzi unaanza na kinga za walimu, mbele ya watoto wote, na anayekagua ni yule kijana wa mkono. Ni mkali mno. Amewahi kuturudisha chini mara mbili, na mara moja nadhani ilikuwa kulipiza. Kinga inayobeba riziki ya nyumba haipandi mlimani bila mzazi kuja mwenyewe kutuambia. Na siku ya mvua hatushuki, tunaziba tyubu.

Hatuwezi kuwaahidi kwamba hakuna atakayeanguka. Tungekuwa tunadanganya. Mmoja wetu ameanguka juzi, mbele ya P.4 wote.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, imerudi. Jumamosi, saa nne asubuhi, chini ya mwembe. Mtoto aje amekula chochote, avae viatu au sandali za kamba, kandambili hapana. Kinga isiyo na breki isukumwe mpaka pale, isipandwe. Tunahitaji sana pampu, ile yetu imepasuka mpira wa ndani, na kama kuna mwenye vipande vya tairi la gari asivitupe. Yule wa gurudumu moja anasema atakayetaka kujaribu dude lake aje na suruali ndefu.