Mwizi wa Pumba za Kuku

Karani mmoja aliyefuga kuku nyuma ya nyumba yake aliona pumba za mahindi zikipungua upesi mno katika gunia. Akamshuku mwanawe aliyewalisha kuku, akamshutumu kwamba aliziuza. Mtoto akalia na kuapa, wala hakusadikiwa.

Usiku mmoja karani akatoka na taa, akawaona panya wakiingia na kutoka katika tundu walilolitafuna chini ya gunia. Ndipo alipotambua kwamba mwizi alikaribishwa na mwenye nyumba mwenyewe.

Yafaa kila mfugaji akumbuke kwamba gunia si ghala. Panya hulitoboa kwa usiku mmoja, na kinyesi chake na mkojo wake hutia maradhi katika chakula kinachosalia. Tena jike hubeba mimba muda wa wiki 3 tu, kisha huzaa watoto 6 au zaidi. Basi anayewalisha panya wawili leo, baada ya miezi michache atalisha kundi.

Karani akanunua debe la bati lenye kifuniko cha kubana, akaliweka juu ya matofali lisipate unyevu. Kuku wakapewa kiasi cha kula wakamaliza, na mabaki yakafagiliwa kabla ya jua kutua. Majani marefu na kuni kuukuu kando ya banda zikaondolewa, maana humo ndimo panya hujificha. Sumu hakuitumia, kwani kuku huweza kuidonoa.

Pumba zikadumu. Lakini kabla ya kununua hilo debe, alimwita mwanawe, akamwomba radhi.