Kengele ya Saa Kumi Alfajiri

Wahenga hawakukosea waliponena, tembea uone. Mimi nilidhani kengele ya bweni letu ndiyo kali kuliko zote duniani. Kumbe nilikuwa sijalala katika ashram!

Ashram, ndugu msomaji, ni makao ya Wahindu wanaojitenga na shughuli za dunia ili wamche Mungu. Likizo ya Desemba mwaka wa 2023, nyanya yangu, ambaye sisi Wagujarati humwita Ba, alinipeleka katika moja huko Rishikesh, kaskazini mwa India, mahali mto Ganges unapotoka milimani. Siku iliyotangulia tulikuwa tumeyatia majivu ya babu mtoni, kule Haridwar.

Kengele hulia saa kumi alfajiri. Maji ya kuoga, wacha tu! Ukishaoga unaketi sakafuni, miguu umeikunja, unashika mala, yaani uzi wa shanga 108. Kila ushanga, unataja jina la Mungu mara moja. Kidole cha shahada hakitumiki. Halafu kuna ushanga mmoja mkubwa ambao hauvukwi. Ukiufikia, unageuza mala na kurudi ulikotoka.

Baada ya sala ni chai, kisha seva, yaani kazi ya kujitolea. Hapo hakuna cha tajiri wala maskini. Mimi na Ba tulipewa viazi tumenye. Chakula hakina nyama, hakina kitunguu wala kitunguu saumu, na huliwa kimya, watu wameketi chini kwa mistari. Jua likitua, wote huteremka mtoni kwa arati: taa za samli huzungushwa mbele ya maji huku nyimbo zikirindima.

Wenzangu walisali. Mimi nilishindwa. Kila ushanga ulinikumbusha barua. Babu aliniandikia nikiwa Kidato cha Pili, kwa Kiswahili chake cha dukani, akiuliza kama nala vizuri. Niliitia sandukuni nikasema nitajibu baada ya mtihani. Mtihani ukaisha, babu naye akafa.

Siku ya tano nikamweleza Ba tukiwa jikoni. Nilitarajia anibembeleze. Hata kisu hakukiweka chini.

"Najua," akasema. "Kila Jumamosi alikuwa akienda posta mwenyewe, anafungua sanduku, anarudi."

Machozi yakanitoka njia mbili mbili. Ndipo Ba akaniambia kwa Kiswahili, lugha anayoitumia akitaka nimsikie sawasawa: "Sasa walia nini? Ukifika ushanga mkubwa, si unageuka? Basi geuka. Usikae hapo hapo."

Jioni hiyo nikanunua kikombe cha majani chenye maua na taa ndogo, nikakiweka majini. Upepo ukaizima taa kabla haijafika mbali. Nikanunua kingine. Hicho kilikwenda mpaka kikapotea gizani. Asubuhi yake nilizunguka mala nzima, na nilipoufikia ule ushanga mkubwa, nikageuka.

Siku hizi kila Jumapili, baada ya chakula cha mchana, namwandikia Ba barua. Hujibu mistari mitatu tu, na wa tatu daima ni kuuliza kama nala vizuri.

Mwenzangu, labda nawe una barua iliyolala sandukuni. Ijibu leo. Ajizi ni nyumba ya njaa.