Kila Mtu na "Shida", Sisi na "Masimango"

Fanya jaribio dogo. Simama popote pale Morogoro mjini, iwe stendi ya Msamvu au sokoni, kisha mtaje Mbaraka Mwinshehe. Atakayekujibu atakuimbia "Shida". Hata vijana waliozaliwa miaka ishirini baada ya yeye kufariki wanaujua. Ni wimbo mzuri, sina ugomvi nao. Ila nyumbani kwetu Bigwa, mtu akiomba "Shida" tulijua huyo ni mgeni.

Wimbo wa nyumbani ulikuwa "Masimango".

Kwa wewe uliyekulia kwenye Bongo Fleva, nikudokeze kidogo. Mbaraka alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa la solo wa Morogoro Jazz, na mwaka 1970 bendi hiyo ilifika hadi Osaka, Japani, kwenye maonesho ya Expo 70. Mwaka 1973 alijitoa akaanzisha Super Volcano. Januari 1979 akafa kwa ajali ya gari huko Mombasa, akiwa na miaka 34 tu. Kabla yake mji ulikuwa umeshalewa muziki wa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na Salum alipofariki mwaka 1965, Juma Kilaza akaiendeleza. Baba anasema enzi hizo ulikuwa huulizwi dini wala kabila, unaulizwa bendi.

Yeye alikuwa Moro Jazz, damu damu. Ila "Masimango" hakuwa nayo kwenye santuri. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilirekodiwa Redio Tanzania, au zikasafiri hadi Nairobi. Baba alikuwa na kaseti. Aliurekodi wimbo mwenyewe kutoka redioni, na mwishoni kabisa unasikia mtangazaji anaanza kusema jambo, halafu kimya. Mimi na kaka zangu tulikua tukidhani ule mkato ni sehemu ya wimbo. Mpaka leo nikiusikia mahali pengine unaisha vizuri, naona kama kuna kitu kimepungua.

Kaseti ile ilikuwa na sheria zake. Haichezwi kwenye sikukuu wala wakija wageni wengi. Hairudishwi nyuma kwa redio, eti inamaliza betri. Inarudishwa kwa kalamu ya Bic, taratibu. Siku yake ilikuwa Jumapili jioni, baba akiwa ameshaoga na kahawa iko mkekani.

Wenzake katika imani hii walikuwa watatu, wote wa kijiwe kimoja: fundi cherehani, dereva mstaafu wa malori na mwalimu. Wazee hawa walikuwa na ubishi wa kudumu kuhusu lile gitaa. Fundi alidai Mbaraka pale "anaongea", dereva akasema hapana, "anajibu". Nilisomea mawasiliano chuo kikuu miaka mitatu na sijawahi kukutana na mjadala mzito kama ule. Siku moja walikwenda baa moja mjini, kuna bendi inapiga zilipendwa. Dereva akatoka na noti ya elfu tano akaenda kumtuza mwimbaji, akaomba "Masimango". Pesa ikapokelewa, wakapiga "Shida". Ukumbi mzima ukainuka kucheza, isipokuwa meza moja. Saa saba usiku, watu wamepungua, mpiga solo, mzee mwenzao, akawatazama, akaanza kuupiga polepole bila mwimbaji. Baba anasimulia habari hii kama wengine wanavyosimulia siku ya harusi yao.

Sasa kwa nini huo, na si mwingine? Nilipokuwa mdogo nilijua ni gitaa tu. Wala sikulifikiria neno lenyewe. Masimango unayajua, msomaji: mtu anakusaidia, halafu anakukumbusha. Anakulisha na kukuhesabia matonge.

Mama yangu ni Mluguru wa Matombo. Kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama; watoto ni wa ukoo wa mama na ardhi ni ya ukoo wa mama. Baba ni mtu wa Pwani, alikuja Morogoro kutafuta kazi ya kiwandani na akaipata. Mwanzoni mwa miaka ya tisini kiwanda kikafungwa, kama vilivyofungwa vingine vingi, akarudi nyumbani na kiinua mgongo kilichoisha kabla ya mvua za masika. Kilichobaki ni shamba la ukoo wa mama kule milimani. Kwa hiyo baba akawa anapanda Matombo Jumatatu na lori la ndizi, analima migomba na pilipili manga kwenye mteremko ambao si wake, anashuka Jumamosi. Sisi tulikula, tukasoma. Hayo ndiyo niliyoyajua.

Nisikufiche, haya yote nisingeyaandika kama si soda moja.

Mwaka 2020 mume wangu alipoteza kazi. Alikuwa kwenye mambo ya utalii, na mwaka ule si unaukumbuka, ndege hazikuja. Mimi mshahara wangu ukaendelea kuingia. Kodi ya nyumba Dar, ada, luku, gesi, vyote vikawa juu yangu. Mwanzoni nililipa kwa upendo, tena kwa kujisifu kidogo moyoni. Kadiri miezi ilivyokwenda nikaanza kulipa kwa sauti. Nafungua droo kwa kishindo, naacha risiti mezani ionekane.

Jumapili moja shemeji yangu, mdogo wake, alikuja kututembelea. Mume wangu akaniambia, kwa utani tu, kwamba wali umepungua chumvi. Nikamjibu, "Hata hiyo soda unayokunywa nimenunua mimi."

Hakusema kitu. Akaiweka chupa chini, imebaki nusu. Shemeji akaanza kuangalia simu yake. Ile chupa ilikaa pale mezani mpaka jioni na hakuna aliyethubutu kuiondoa.

Baada ya siku ile hakunigombeza wala hakununa. Ingekuwa afadhali. Alianza kuniomba ruhusa. "Naweza kuwasha feni?" "Naomba nauli ya kwenda Kariakoo, nitarudisha." Mtu niliyezaa naye watoto wawili! Nikajiambia atazoea. Sijui nilitaka azoee nini.

Desemba 2021 tukaenda Morogoro kuwasalimia wazee. Kufika Bigwa jua linazama, Uluguru imejifunika ukungu juu, chini kijani kitupu. Tukatoa shikamoo, tukala. Mimi nikabaki jikoni na mama tunachambua mchicha wa kesho, wanaume wakahamia barazani. Ghafla nikasikia gitaa.

Haikuwa Jumapili. Ilikuwa Alhamisi.

Baba hakuwa ameambiwa lolote, si na mimi wala na mume wangu; hilo nina hakika nalo. Nadhani aliona tu jinsi mkwe wake alivyoomba maji, kwa sauti ya mtu asiye kwake. Waliusikiliza wote mpaka pale mtangazaji anapokatwa. Kisha baba akasema, "Mkwe wangu, huu wimbo mjini wanauona wa kawaida. Hawajalima shamba la watu."

Akaanza kusimulia. Kumbe kule Matombo mjomba, kaka mkubwa wa mama, kila jioni alikuwa akimkaribisha chakula kwa maneno yale yale: karibu ule ndizi zetu. Akichelewa kuamka, anaambiwa ardhi ya watu hailali. Akipeleka mkungu mmoja nyumbani, anahesabiwa kama kauiba. Miaka minne. Baba alisema kuna Jumamosi alikuwa anashuka mlimani na hasira ya kutorudi tena, si Matombo tu, hata Bigwa. Anakwenda kuoga, anakaa mkekani, anasikiliza kaseti mara moja, mbili. "Nikishasikia kwamba kuna mtu mwingine alilijua jambo hili mpaka akalipa jina na gitaa, napata nguvu ya kula chakula cha mke wangu. Maana yeye hakuwahi kunisimanga. Hata mara moja."

Hapo mama akaacha kuchambua mchicha.

"Nilisema," akaita kutoka jikoni. "Ile siku ya sukari. Nilisema, baba."

Kimya. Nikasikia kiti cha baba kinalia.

"Sikumbuki," baba akajibu.

Mama akanitazama na macho yamejaa. "Anakumbuka," akaninong'oneza. "Miaka thelathini karibu, na anakumbuka." Akachukua kisu akaendelea na mchicha, mimi nikajifanya natafuta chumvi.

Usiku ule ningependa kukuambia nilimwangukia mume wangu nikalia, kama kwenye filamu za Kinaijeria. Sikuweza. Nilimwambia tukiwa kwenye basi kurudi Dar, tumeshapita Chalinze, tena nikiangalia dirishani. Nikasema, "Ile soda." Akasema, "Najua." Nikasema nisamehe. Alikaa muda, halafu akaniambia nisilipe tena kitu chochote mbele ya mdogo wake. Basi. Wala hakusema amenisamehe. Kazi alikuja kupata mwaka uliofuata, ndogo kuliko ya kwanza, na kwa miezi mingi aliendelea kuniandikia kwenye karatasi pesa alizosema atanirudishia. Ile karatasi ninayo.

Kaseti ya baba ilitafunwa na redio miaka miwili iliyopita. Fundi cherehani ameshatangulia mbele ya haki, na dereva hasikii vizuri, ingawa ubishi wa "anaongea" au "anajibu" bado anausukuma peke yake. Mume wangu ndiye aliyeutafuta wimbo na kumwekea baba kwenye simu. Baba akasikiliza mpaka mwisho, akasema ni mzuri, ila umezidi kwa ukamilifu. Yule mtangazaji yuko wapi?

Akajiwekea na yeye kwenye simu yake. Juzi nimerudi kazini, nimechoka, luku imekata. Nikainunua, nikaanza kuingiza namba kwenye mita huku nikiguna kidogo, kwa mazoea tu. Umeme ukarudi, na kutoka sebuleni nikasikia lile gitaa linaanza. Nikachungulia. Alikuwa amekaa na simu mkononi, ananiangalia, anacheka nusu.