Haya Isiyo Mahali Pake

Katika mambo matano ya fitra aliyotufundisha Mtume (S.A.W.) mna kuondoa nywele za kwapa na za sehemu ya siri, na Anas bin Malik (R.A.) amepokea ya kwamba zisiachwe zaidi ya siku arubaini. Hayo twayasoma darasani. Walakini namna ya kuyatenda twawaachia mabinti zetu waitafute wenyewe, na sisi mama twanyamaza kwa tahayuri. Kunyamaza huko kulitutia majutoni.

Binti yetu mkubwa, siku nne kabla ya harusi ya kaka yake, alinunua kopo la nta dukani, akaiyeyusha jikoni hata ikachemka, akajipaka mguuni bila ya kuijaribu kwanza. Ikamwunguza, na alipoing'oa ikaja na ngozi. Siku mbili alikificha kidonda, akisema amejikwaa. Tulipokiona tulimwuliza, "Mbona hukutwambia, mwanangu?" Akajibu, "Mama, mambo haya kwetu husemwa lini?" Hatukuwa na jawabu.

Alipopona tuliketi naye tukazipima njia. Wembe hauna taabu, na kwa sehemu ya siri ndio uliotajwa katika hadithi. Lakini hukata juu juu, na nywele hurudi baada ya siku chache. Nta hung'oa na shina, ngozi ikakaa safi majuma matatu au zaidi. Ila hupakwa ingali na moto, hushika ngozi pamoja na nywele, na mabaki yake hayatoki kwa maji matupu. Kwa mwenye kutawadha mara tano hilo si dogo, kwani nta iliyoganda huzuia maji yasifike ngozini.

Tukachagua sukari, ambayo wanawake wa Misri huiita halawa. Vikombe viwili vya sukari, robo kikombe cha maji ya ndimu na robo cha maji, juu ya moto mdogo, mpaka rangi iwe kama ya asali. Sufuria ya kwanza iliungua ikawa jiwe. Ya pili ikakubali. Huachwa ipoe hata mkono uweze kuikanda, ikajaribiwa kidogo kwenye kiganja. Hupakwa kuelekea nywele zilikotoka, ikavutwa upesi kule ziendako, ngozi ikiwa imeshikwa imara. Na nywele ziwe na urefu kama wa punje ya mchele. Kinachobakia huoshwa kwa maji ya vuguvugu.

Penye kidonda au chunjua pasiguswe. Mwenye ugonjwa wa sukari, au atumiaye dawa kali za chunusi, amwulize daktari kwanza. Nyusi tumeziacha, kwa kuwa kuzinyonyoa kumekatazwa. Na yote haya twayafanya nyumbani, mlango umefungwa, ili sitara ihifadhike.

Juma lililopita tulimsikia binti huyo akimfundisha mdogo wake jikoni, wala hakushusha sauti tulipoingia. Enyi mama wenzetu, haya ni katika imani, nasi hatuitupi. Lakini haya inayomwacha mtoto afiche jeraha imewekwa pasipo mahali pake. Semeni na binti zenu kabla kopo la dukani halijasema nao.

Wabillahi tawfiq.