Mads Mikkelsen Alichelewa Wapi?

Filamu ndefu ya kwanza ya Mads Mikkelsen, Pusher, ilitoka mwaka wa 1996. Alikuwa na miaka 30, na ndio kwanza ametoka shule ya uigizaji mjini Århus. Hapa Nairobi, ukifika miaka 30 shangazi zako washachoka kuuliza utaoa lini. Siku hizi wanauliza kama una ploti.

Wengi wetu tulimjua kwa sura ya adui. Ni yule jamaa wa Casino Royale, 2006, anayelia damu mbele ya James Bond kwenye meza ya karata. Ni Hannibal Lecter wa kwenye TV, 2013 hadi 2015, anayepika kwa ustadi hadi unasahau anapika nini. Halafu Doctor Strange, halafu Star Wars. Mimi pia nilimjua hivyo, kwenye zile DVD za shilingi 50.

Kilichonishika baadaye ni jinsi anavyosimama. Hebu mwangalie vizuri. Wenzake wanaongea na mikono, yeye ametulia tu, na bado jicho lako linamfuata yeye. Nikajiuliza, huyu amefunzwa wapi? Nikaenda kusoma, na nilichopata kilinikalisha chini: kabla ya kuigiza, jamaa alikuwa densa.

Alizaliwa Copenhagen mwaka wa 1965, akakulia Nørrebro, mtaa wa wafanyakazi wakati huo. Mama yake alikuwa nesi, baba alifanya kazi benki. Utotoni alikuwa mtu wa jimnastiki. Kisha kukatokea mchezo wa muziki uliohitaji vijana wa kupiga sarakasi nyuma ya wachezaji, akaitwa, na kutoka hapo akaulizwa mbona asijifunze densi kabisa. Akasomea balei Gothenburg, Uswidi, na densi ikamlisha karibu miaka kumi. Kaka yake mkubwa, Lars, naye alizunguka: alisomea biolojia, akafanya maigizo ya mtaani na kurusha mipira hewani, ndipo akawa mwigizaji. Ndiye yule rais wa Urusi kwenye House of Cards.

Sasa mimi. Nilikuwa mtu wa sarakasi kwa miaka minane. Tulikuwa vijana saba, mazoezi kwenye ukumbi mmoja huku Eastlands, wikendi harusi, Disemba hoteli za Pwani. Piramidi ya watu, limbo ya moto, kupita ndani ya pete. Mabega yangu ni mapana, kwa hivyo kazi yangu ilikuwa chini ya piramidi. Nikiwa na miaka 27, goti la kushoto likakataa. Daktari alisema maneno mengi. Mimi nilisikia moja tu: basi.

Mwaka mzima nilipanga viatu vya mitumba na Mama pale Gikomba. Kisha nikaanza kwenda odisheni. Mama hakunikataza. Siku moja tukihesabu jozi aliniuliza tu, "Mwanangu, hiyo sarakasi ya miaka yote ilikuachia nini?" Hakuwa ananikejeli. Alitaka kujua kwa kweli. Sikuwa na jibu.

Najua mtu ataniambia, "Si Mads alianza na 30, hata wewe unaweza." Hayo ni maneno ya kubandika kwenye matatu, na mimi siyataki. Miaka 30 ya Denmark si miaka 30 ya Kayole. Kule chuo cha umma hakilipishi raia karo, na serikali inampa mwanafunzi posho ya kila mwezi. Kuna taasisi ya taifa inayoweka pesa ya umma kwenye filamu za Kidenmaki, lugha ya watu milioni sita hivi. Ukibadilisha njia kule, unaangukia mkeka. Huku unaangukia sakafu, na kodi ni tarehe tano.

Kwa hivyo siulizi alithubutuje kuanza akiwa na umri huo. Nauliza ile miaka ya densi ilienda wapi. Na hilo, filamu zake zinajibu.

Tazama The Hunt ya Thomas Vinterberg, 2012, iliyompa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume kule Cannes. Yeye ni Lucas, mfanyakazi wa chekechea anayesingiziwa kwamba amemdhulumu mtoto kingono. Mji mzima unamgeuka. Kwenye supamaketi wanampiga na kumtupa nje. Anainuka, anarudi ndani kuchukua vitu vyake. Hotuba hakuna. Ni mgongo tu, unajinyoosha kidogo kidogo. Mimi nimebeba watu sita mgongoni, na mgongo ule nauamini.

Halafu Another Round, 2020, Vinterberg tena. Mikkelsen ni Martin, mwalimu wa historia aliyezimika, ambaye na walimu wenzake watatu wanajaribu kukaa na pombe kidogo kwenye damu siku nzima ya kazi. Mwanzoni inachekesha. Baadaye mmoja wao anakufa. Na nyuma ya kamera kulikuwa na msiba wa kweli: mwaka wa 2019, siku chache baada ya kuanza kupiga picha, binti ya Vinterberg, wa miaka 19, alifariki kwenye ajali ya gari. Waliendelea. Mwaka wa 2021 filamu ikashinda Oscar ya filamu bora ya kimataifa, na baba huyo akamtaja bintiye pale jukwaani.

Mwisho wa filamu hiyo uko bandarini. Wanafunzi waliomaliza shule wanamwagiana bia, na Martin ametoka kumzika rafiki yake. Anapiga hatua moja ya densi, anaacha. Anajaribu tena. Kisha mwili wote unaachia: anazunguka, anaruka, anabingirika. Mikkelsen ana miaka 53 hapo, na densi aliiacha zaidi ya miaka ishirini nyuma. Huwezi kujua kama ni furaha au ni kilio. Hatua zile unaweza kumfunza mwigizaji yeyote kwa wiki mbili. Uzito ule huwezi.

Mwezi uliopita, kwenye odisheni moja hapa mjini, tuliambiwa tuigize mtu anayepokea habari mbaya kwa simu. Wenzangu walilia vizuri sana. Mimi nilianguka. Polepole, goti la kulia kwanza, jinsi tulivyokuwa tukishusha piramidi: wa chini haachii hadi wa juu wote wafike salama.

Nilipata sehemu ndogo. Mlinzi wa geti, mistari minne. Malipo hayafiki kodi, na Jumamosi bado niko Gikomba. Lakini swali la Mama nimelijibu. Nilimwambia sarakasi iliniachia kuanguka, kwamba kuna watu wanaoweza kulipa kuona mtu akianguka vizuri.

Alifunga jozi aliyokuwa ameshika, akaiweka chini.

"Na tikiti," akauliza, "ni pesa ngapi?"